Pendekezo la warsha lianzie darasani

Msimu wa makongamano ukifika hapa Kampala, mimi huwa miongoni mwa wanaosoma mapendekezo ya vikao vya walimu wa Kiswahili. Mengi hufunguliwa kwa maneno yaleyale: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai, mtaala wa mwaka 2020 umekifanya cha lazima kidato cha kwanza na cha pili. Yote ni kweli, ila msomaji anayajua, na nafasi uliyopewa inaisha kabla hujasema utafanya nini.

Pendekezo langu la kwanza lilikataliwa. Kichwa chake: “Changamoto za Kufundisha Kiswahili Uganda”. Hilo ni pori, si mada. Baadaye nilikata kipande kimoja tu: l na r kwa wanafunzi waliokulia Kiganda.

Katika Kiganda, r huandikwa baada ya e au i. Kwingineko ni l. Mtoto anaihamisha kanuni hiyo kama ilivyo. “Habari” inakuwa “habali”, “hela” inakuwa “hera”, “mwili” unakuwa “mwiri”. Na “kura” ikigeuka “kula”, maana yenyewe imepotea. Hafanyi uzembe, anafuata sheria ya lugha ya mama yake. Mwalimu akilijua hilo, anasahihisha kwa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo penye warsha.

Basi nikaandika: washiriki ni walimu wa sekondari; kila mmoja aje na daftari tatu za wanafunzi wake. Dakika 20 tunachambua makosa, dakika 25 tunatunga mazoezi wawili wawili, dakika 15 tunayajaribu. Mwalimu anaondoka na zoezi la kutumia Jumatatu. Likakubaliwa.

Kama unachotaka ni kusoma makala yako, omba nafasi ya wasilisho. Usiite warsha kitu ambacho wengine watakaa tu wakisikiliza. Wasifu wako mistari miwili inatosha.

Sehemu ya vifaa watu huijaza “projekta” basi. Eleza pia utafanyaje umeme ukikatika. Mimi huandika: karatasi kubwa nne, kalamu za wino mzito, nakala za mazoezi zilizochapwa mapema.