Xiao haimfundishi mtoto kunyamaza

Yakizungumzwa malezi ya Kichina, hakosi mtu wa kudai kwamba Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, alitaka watoto watii wazazi bila kuhoji. Dhana inayosingiziwa ni xiao, yaani wajibu wa mtoto kwa wazazi: kuwaheshimu, kuwatunza uzeeni, kuwazika na kuwaomboleza ipasavyo. Maana yenyewe haina ugumu. Hilo la "bila kuhoji" ndilo linaloniudhi.

Katika Xiaojing, kitabu kidogo kinachohusu xiao tu, mwanafunzi wake Zengzi anauliza kama kufuata kila amri ya baba ndiyo xiao. Confucius anamjia juu: maneno gani hayo! Baba mwenye mtoto wa kumwonya, anasema, hatatumbukia katika uovu. Kwa hiyo baba akielekea kubaya, mtoto hana ruhusa ya kukaa kimya.

Husimuliwa pia kwamba Zengzi huyohuyo alikuwa akipalilia matikiti, akakata mizizi kwa bahati mbaya. Baba yake akamtandika gongo la mgongo, kijana akazirai. Alipozinduka alimwuliza baba kama hakujiumiza kwa kumpiga, kisha akaingia chumbani akapiga zeze na kuimba, baba asikie kwamba yu mzima. Wengi wangemsifu. Confucius alikasirika, akakataza asiingizwe kwake. Akamkumbusha habari ya Shun, mfalme wa kale: fimbo ndogo aliivumilia, kubwa aliikimbia. Je, Zengzi angekufa pale, si angemtwika baba yake damu ya mwanawe?

Najua wapi watu wanapotelea. Hunukuu Dizigui, mashairi ya Li Yuxiu wa enzi ya Qing ambayo watoto huyakariri kwa mistari ya maneno matatu matatu: mzazi akiita, itika upesi, akikutuma, usivivie. Hapo hufunga kitabu. Wangeendelea kidogo, ndani ya sehemu hiyohiyo ya xiao, wangekuta kwamba mzazi akikosea mtoto amshauri abadilike, kwa uso mkunjufu na sauti laini. Asiposikilizwa, angoje mzazi apate furaha, aseme tena. Hata kwa machozi, na akichapwa asiweke kinyongo. Hayo ni malezi makali, sibishi. Lakini kabla ya kuyaita utii wa kipofu, tafadhali isomeni na mistari hiyo.