"Cold turkey" si arosto

Nafasiri maandishi ya afya, na kuna sahihisho moja ambalo nimechoka kuletewa. Nikikutana na msemo wa Kiingereza "cold turkey", neno kwa neno "bata mzinga baridi", naandika kwamba mgonjwa aliacha ghafla. Mhariri anafuta, anaweka "alipata arosto", yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea mwili, kisha pembeni ananieleza asili ya "cold turkey": eti mtu akikatiwa unga, vinyweleo humsimama, ngozi ikawa kama ya bata mzinga aliyenyonyolewa akawekwa kwenye friji.

Hadithi hii haifi kwa sababu nusu yake ni kweli. Anayekosa heroini husisimka mwili, na wauguzi huikagua ngozi hiyo kama dalili. Lakini dalili kuwepo hakuifanyi iwe chimbuko la msemo. Kiingereza kilishaipa ngozi hiyo jina zamani, na kilimchagua ndege mwingine kabisa: huiita ngozi ya bata bukini. Kwa nini watu wanaosema bukini siku zote wahamie kwa bata mzinga wakifika kwa waraibu tu?

Halafu kuna tarehe. Mwaka 1921 gazeti la Daily Colonist la Victoria, Kanada, liliandika kuhusu waraibu waliojisalimisha wenyewe kwa Dkt. Carleton Simon wakapewa matibabu yaliyoitwa "cold turkey". Huo ndio ushahidi wa mapema unaotajwa sana kwa upande wa dawa za kulevya. Lakini mwaka 1910, katika riwaya ya Robert Service ya wasaka dhahabu wa Klondike, The Trail of '98, mcheza kamari anayatumia maneno hayohayo baada ya kupoteza dola 5,000 mezani. Hapo hakuna unga wala anayetetemeka. Mtu kaliwa hela zake waziwazi, basi.

Na hata kabla ya hapo, tangu karne ya 19, Wamarekani walikuwa na "talk turkey": sema wazi, acha kuzunguka mbuyu. Kwa hiyo maana ya moja kwa moja, bila kulainisha, ilitangulia, na waraibu wakaikuta. Wapo wanaosema ni nyama iliyopoa, chakula kisichohitaji kuwashiwa jiko, yaani jambo lifanywalo bila maandalizi. Maelezo hayo yananivutia, ila hayajathibitishwa, na kamusi zinazoyatoa kwa uhakika zinajikweza. Kwa nini akawa bata mzinga na si kuku, hilo bado halina jibu.

Linaloniudhi zaidi ni hiyo "arosto". "Cold turkey" ni namna ya kuacha. Arosto ni hali inayompata mtu. Teja aliyeamka hana hela ya kete, anapiga miayo, makamasi na machozi yanamtoka, tumbo linamkata, amejifunga koti kwenye joto la Dar, huyo yuko kwenye arosto kamili na hana mpango wowote wa kuacha. Mwenzake anayekunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kila asubuhi hospitali ya Muhimbili, huduma iliyoanza pale mwaka 2011, ameacha unga bila kuachwa ateseke na arosto. Ukiyafanya maneno haya mawili kuwa kitu kimoja, watu hao wawili huwezi kuwaeleza tena, na msomaji anabaki akiamini kwamba kuacha ni lazima kupitie mateso, na asiyeteseka hajaacha kweli. Imani hiyo nimeisikia kwa ndugu wa wagonjwa, wakiwabeza wanaotumia methadoni kwamba wamebadilisha unga tu.

Kwenye sigara, kuacha kwa mkupuo kuna sifa nzuri. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye wavutaji 697, ulikuta kwamba baada ya miezi sita asilimia 22 ya walioacha siku moja walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 15.5 ya waliopunguza polepole. Unanukuliwa kila mahali kama ushindi wa "cold turkey". Lakini makundi yote mawili yalipewa plasta za nikotini na ushauri! Sigara ilikatwa ghafla, nikotini haikukatwa. Hapo nikiandika "bila msaada wowote" nadanganya, na nikiandika "ghafla" tu naacha nusu ya habari nje. Sina neno moja linalonitosheleza. Naandika sentensi nzima.

Kwenye pombe sikubali kabisa kubadilishiwa neno. Anayekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Mwenye kumeza dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kwa muda mrefu naye yuko kwenye hatari hiyohiyo. Kipeperushi kikimwambia mke wa mnywaji kwamba hiyo ni arosto, atamfungia mumewe chumbani, atampa uji na kusubiri ipite, wakati mtu huyo alipaswa kuonwa na daktari kabla hajaiweka chupa chini.