Je, wajua kwa nini mafua humlemea zaidi mwenye mwili mkubwa?

Swali hili niliulizwa na mama anayeuza omena sokoni Kibuye, Kisumu. Dada yake aliugua korona mwaka 2021, akawekwa oksijeni siku nyingi, akalazwa kifudifudi. Shemeji, mwembamba kama ufito, alikohoa siku tatu tu katika nyumba hiyo hiyo. "Mbona ugonjwa ulimwacha huyu, ukamchagua mwenye afya?"

Kwa "mwenye afya" alimaanisha mnene, na kwetu Nyanza hilo halishangazi. UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu miaka ya tisini, kukonda ndiko kulikotisha. Aliyenona alionekana amesalimika.

Jibu lianzie kitandani. Lala chali, weka tumboni pakiti mbili za unga za kilo 2, kisha vuta pumzi. Utahisi kazi ya kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaposhuka ili hewa iingie. Mwenye kitambi kikubwa hubeba mzigo kama huo usiku kucha, na sehemu za chini za mapafu yake hazifunguki vizuri. Akiwa mzima huenda asihisi. Nimonia ikija, hana akiba ya pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo akilazwa kifudifudi, mapafu ya upande wa mgongoni hupata nafasi ya kujaa hewa.

Lakini kitambi si habari yote, na iliyobaki hunishangaza kila ninapoisoma. Tulizoea kudhani mafuta ya mwilini ni akiba iliyotulia, kama magunia ya mahindi ghalani. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waligundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta yenyewe kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kumbe mafuta yanazungumza! Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi huumia, nyingine hufa, na askari wa mwili huja kusafisha. Askari hao hutoa kemikali za tahadhari, zile zile zinazotuletea homa tukiugua, ila kidogo kidogo, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Kinga ya mtu huyo inakesha bila adui. Virusi vikiingia kweli, interferoni, ambayo ni silaha ya kwanza ya mwili, huchelewa au hutoka kidogo, navyo vikapata muda wa kuzaana. Kinga ikija kushtuka, zile kemikali hufurika, na mapafu huumizwa na walinzi wake yenyewe.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2009 wakati wa homa ya nguruwe, aina ya mafua yanayoambukiza watu, madaktari walipoona wanene wengi mno katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Huko Managua, Nikaragua, watu wazima wanene walioonyesha dalili za mafua ya aina ya A waliendelea kutoa virusi kwa muda uliozidi wa wenzao kwa asilimia 42. Na North Carolina, Marekani, wanene waliochanjwa dhidi ya mafua walikuwa katika hatari maradufu ya kuugua kuliko waliochanjwa wenye uzito wa kawaida, ingawa kingamwili zao, yaani chembe za damu za kupambana na virusi zinazotokana na chanjo, zilipanda kwa kiwango kile kile. Hiyo si sababu ya kuikwepa chanjo. Wao ndio wanaoihitaji zaidi.

Malaria nayo? Watafiti wa Uswidi walipopitia rekodi za watu wazima waliogunduliwa na malaria nchini mwao kati ya 1995 na 2015, walikuta wanene wakipatwa zaidi na malaria kali. Kifua kikuu kina njia yake: huwapata zaidi waliokonda, lakini unene ukizaa kisukari, hatari hupanda karibu mara tatu.

Kwa hesabu ya madaktari, mtu wa urefu wa sentimita 160 huwa amenenepa kupita kiasi anapofika kilo 77. Ni wengi wetu, na hakuna anayestahili kuaibishwa hospitalini kwa ajili ya mwili wake. Anastahili kupimwa oksijeni mapema.

Mama aliposikia habari ya kulazwa kifudifudi alinyamaza, mikono ikiwa bado ndani ya gunia la omena. Siku alipomkuta dada yake amegeuzwa uso chini, alisema, alidhani wamemkatia tamaa. Dada yupo. Anauza viazi vitamu meza ya pili, na juzi aliposhikwa na kikohozi alikwenda zahanati siku hiyo hiyo.