Kinanda hakijipigi chenyewe

Kwenye harusi za Ngamiani, Tanga, hukosi kumsikia mtu akisema kuhusu mpiga kinanda: "Yule anabonyeza kitufe tu, muziki unajipiga." Nusu ni kweli. Vinanda vingi vya ukumbini vina midundo iliyopangwa tayari: ngoma, besi, hata gitaa. Lakini mashine haiujui wimbo. Inasubiri mkono wa kushoto uiambie kodi ipi (za muziki, yaani noti zinazopigwa pamoja, si za TRA), na mkono ukichelewa pigo moja, besi inabaki nyuma huku mwimbaji keshasonga mbele.

Siku moja simama ubavuni mwa mpiga kinanda, uache kumtazama bibi harusi. Kushoto ameshika Do, Mi, Sol. Kulia anamjibu mwimbaji kwa sauti ya fidla. Ghafla kidole kimoja kinachomoka kwenda kubadili mdundo, kisha kinarudi kabla hujajua kiliondoka. Mwimbaji ana mafua? Anashusha ufunguo, yaani wimbo mzima uwe chini kidogo, kwa kitufe. Wengine huita huo ulaghai. Mbona wapiga gitaa hubana shingo ya gitaa kwa kibanio na hakuna anayenung'unika?

Wapo kweli wanaoigiza, vidole vikicheza na sauti ikitoka kwenye kompyuta, hasa kwenye televisheni. Ila msiwachanganye na wote. Elton John, mwimbaji na mpiga piano wa Uingereza, alipata nafasi Royal Academy of Music, chuo cha muziki cha London, akiwa na miaka 11. Na wa kwetu wengi hawajui kusoma nota, lakini mwimbie ubeti mmoja asioujua: wa pili anakuwa tayari yuko nawe.