Sungura wawili keji moja: maswali ya wale ambao sungura wao wanapigana

Hapa Nakuru mtu ananunua sungura mmoja wa watoto kucheza naye, baada ya miezi michache mnyama anaanza kukaa kona hana raha, so mwenyewe anarudi sokoni kuchukua wa pili na anamuingiza kwa keji ileile jioni hiyohiyo. Asubuhi ni manyoya kila mahali na sikio limepasuka. Mimi niko upande wa afya ya mifugo na haya ndio maswali huwa yanafuata, nitayajibu venye ningekujibu tukiwa tumesimama dukani.

Kwani sungura si hupenda kukaa pamoja, mbona hawa wanaumizana?

Hupenda, ndio. Sungura wote tunaofuga, uwe na New Zealand White ama California White ama ile mchanganyiko ya kienyeji, asili yao ni sungura wa porini wa Ulaya, na huyo huishi kwa makundi kwa mashimo chini ya ardhi. Lakini kundi liko na mipaka na mgeni hufukuzwa. Mpaka wenyewe ni harufu: anasugua kidevu kwa kila kitu maana chini ya kidevu kuna tezi, anarusha mkojo, anaacha kinyesi kila pembe. Wewe unaona keji ya mbao na waya, yeye anaona boma lake limevamiwa usiku. Na porini aliyeshindwa anatoroka, kwa keji ataenda wapi? Anabaki hapo kuumwa.

Jozi gani hukaa poa?

Dume na jike, wote wakiwa wamehasiwa, hiyo ndio rahisi kuliko zote. Majike wawili inawezekana hasa wakilelewa pamoja. Madume wawili hawajahasiwa usijaribu, hata kama ni wa tumbo moja, wakiwa wadogo watalala wamebebana vizuri lakini wakifika kama miezi mitatu au minne homoni zinaingia na hapo wanalenga sehemu za siri, pumbu zinachanwa vibaya sana.

Na uhakikishe jinsia mwenyewe, usiamini tu muuzaji kwa sababu wakiwa wachanga wanachanganya hata wazoefu. Mlaze chali kwa mapaja, bonyeza polepole hapo chini: dume inatokea kitu cha mviringo kama kijibomba, jike unaona mpasuko. Wengi wameuziwa "madada wawili" na mwezi uliofuata wakakuta watoto kwa maranda.

Lazima niwahasi? Niliambiwa bei ni kubwa kuliko ya sungura mwenyewe.

Ni kweli, itazidi, na bado nakwambia uhasi. Jike hubeba mimba kama siku 31 na hana msimu, yai linatoka baada ya kupandwa, yaani anaweza kushika ingine siku ileile amezaa. Halafu jike asiyetolewa kizazi akifikisha miaka minne kwenda juu hatari ya kansa ya kizazi inakuwa kubwa sana, hiyo si hadithi ya kukutisha. Pia kuna mimba ya uongo: jike anajing'oa manyoya ya kifua, anajenga kiota, anakuwa mkali kwa wiki mbili na kitu na hakuna mtoto ndani. Hiyo ukali inamwangukia mwenzake.

Dume anaweza kuhasiwa kuanzia miezi minne hivi, jike wengi husubiri afike miezi sita. Dume akitoka upasuaji usimpeleke kwa jike mara moja, mbegu zinaweza kubaki kwa mfereji wiki nne mpaka sita, na huo ndio muda pia homoni zinatulia.

Kuhusu daktari, angalia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board na umuulize wazi kama amewahi kufanyia sungura, maana usingizi wa sungura si kama wa mbuzi ama mbwa. Akikuambia umnyime chakula usiku mzima kabla ya upasuaji, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu.

Na kama pesa hakuna? Basi waishi majirani, keji mbili na nafasi ya vidole kadhaa katikati ili wasing'atane pua kwa waya. Wataonana, watanusana, hawatakuwa wapweke sana. Hiyo ni heri kuliko vita.

Mpya amefika leo, nimuunganishe lini?

Si leo. Mtenge angalau wiki mbili, chumba kingine kabisa kama una nafasi, na umhudumie wa mwisho baada ya kulisha yule wa zamani. Angalia ndani ya masikio kama kuna ukoko mnene wa kahawia, hao ni utitiri. Angalia pua na nyayo kama kuna upele. Angalia miguu ya mbele upande wa ndani: sungura mwenye mafua hujipangusa pua na hapo manyoya yanashikana, yanakauka kama yamepakwa uji, muuzaji atasafisha pua lakini miguu husahau. Kinyesi kiwe vidonge vikavu vya mviringo, kikiwa laini ama cha kuharisha fikiria koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, hiyo inaua wadogo haraka.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Usimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil, inaua sungura. Usimnyweshe amoksilini ya chemist, ikipita kwa mdomo inaua bakteria wazuri wa tumbo na wale wabaya wanachukua nafasi, mnyama anaharisha na kufa. Watu wanafanya hivi wakidhani wanasaidia, na daktari angempa ingine salama.

Sawa, wamepona, wamehasiwa. Naanzaje?

Anza na harufu. Keji ziwe kando kwa kando, kila siku chukua maranda yaliyotumika ya huyu weka kwa yule, badilisha bakuli, hata wabadilishane keji zenyewe. Weka majani mazuri karibu na waya ili wale wakiwa wanaangaliana, majani ya viazi vitamu kidogo ama nyasi fresh. Ukiona wanalala wakiegemea upande wa mwenzake wa waya, wako tayari kukutana.

Mahali pa kukutania pasiwe pa yeyote kati yao. Bafu hufaa, safisha na utandike taulo kuukuu maana tailisi zinateleza na sungura akiteleza anaogopa. Weka rundo la nyasi kavu na boksi mbili zenye milango miwili kila moja, ya mlango mmoja ni mtego. Wewe keti chini ukiwa na glavu nene na kizoleo cha takataka. Dakika kumi hivi zinatosha mwanzo, wakiachana kwa amani ndio unawatoa, usingoje waharibu. Kesho tena, uongeze pole pole. Kuna jozi inakubaliana kwa siku chache, kuna ingine inachukua miezi, na huwezi kuilazimisha.

Anampanda mwenzake, hata jike anapanda dume! Nitenganishe?

Hiyo si aibu na si lazima iwe mapenzi, wanapanga nani mkubwa. Wacha iendelee sekunde chache kama yule wa chini ametulia. Kitu hutakiwi kuruhusu ni kupanda upande wa kichwa, wa chini akiuma hapo ni sehemu za siri zinaenda. Kukimbizana kidogo na kuvutana manyoya pia ni kawaida. Masikio yamelala nyuma, mkia umeinuka, anaguna na kuruka mbele: hapo ingilia kabla hawajashikana na kuzunguka kama gurudumu. Usiweke mkono, ingiza kizoleo katikati ama warushie taulo.

Dalili nzuri hazina kelele: wanakula pamoja, mmoja anainamisha kichwa alambwe, wanalala wamegusana. Wakifanya hivyo siku mbili tatu mfululizo bila kukimbizana, wahamishie keji iliyooshwa na kupangwa upya, isinuke kama ya yeyote.

Niliambiwa niwaweke kwa boksi moja nyuma ya boda, waogope pamoja watapendana.

Usifanye. Wanashikana kwa sababu wameganda kwa woga, wakishuka vita inaendelea, na woga unasimamisha tumbo. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa masaa 12 ni wa kukimbizwa kwa daktari, si wa kungoja Jumatatu.

Kumetoka damu, nifanyeje?

Tenganisha, osha na maji ya chumvi vuguvugu, upekue manyoya polepole kwa sababu meno yao hutoboa tundu dogo ambalo hulioni na baada ya siku kadhaa inakuwa jipu. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwa kukamua, daktari ndio anapasua. Na kama uko Kisumu ama mahali pengine pa joto, angalia kidonda asubuhi na jioni, nzi wakitaga hapo mabuu yanaweza kummaliza kwa siku moja. Baadaye mnarudi hatua ya harufu, mwanzo kabisa.

Walikuwa wameelewana, nikapeleka mmoja hospitali, kurudi wamepigana!

Amerudi ananuka dawa na mbwa, mwenzake hamtambui. Siku ingine peleka wote wawili, keji moja, hata kama ni mmoja tu anadungwa.