Paka Anayekunywa Maji Kupita Kiasi: Maswali na Majibu Kuhusu Vifuko vya Maji Kwenye Figo

Hapa Mtwara mjini, paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na pua bapa, ni wachache. Lakini wanaoletwa kwangu na ugonjwa huu huletwa wakiwa hawawezi hata kuinua kichwa, nao ndio walionisukuma kuandika.

Ugonjwa huu ni upi?
Paka huzaliwa akiwa na vifuko vidogo vya maji ndani ya figo, ambavyo hukua mwaka hadi mwaka na kuibana nyama inayochuja damu mpaka ishindwe kazi. Ni wa kurithi, haumwambukizi mtu, na mzazi mmoja aliye nao huweza kuwarithisha takriban nusu ya watoto wake.

Nitautambuaje?
Dalili mara nyingi hujitokeza akiwa na umri wa miaka 7 hivi: hunywa na kukojoa sana, hutapika, hunuka kinywa, na hukonda hadi mifupa ya mgongo ikahesabika kwa vidole chini ya manyoya. Paka wa kilo 4 anayemaliza zaidi ya mililita 400 za maji kwa siku ana tatizo. Mpimie kwa chupa ya nusu lita asubuhi, na kesho yake uangalie kilichobaki.

Anakojoa hadi kwenye mkeka. Je, nimpunguzie maji?
Hapana. Figo mbovu haiwezi kurudisha maji mwilini, kwa hiyo anakunywa kwa sababu anakojoa, wala hakojoi kwa sababu anakunywa. Ukiliondoa bakuli, mkojo utaendelea kutoka na mwili utakauka. Mkeka unafuliwa.

Hata usiku tu?
Hata usiku. Wako wanaoinua bakuli tangu magharibi, na asubuhi nikiivuta ngozi ya mabegani mwa paka inabaki imesimama kama hema badala ya kurudi mara moja. Nasema tena: msimnyime maji.

Huenda ni joto, au ng'onda anazokula?
Ng'onda zina chumvi na zinatia kiu, basi acheni kumpa leo, na mleteni leo hiyo hiyo. Joto la Mtwara halikondeshi paka.

Je, kuna dawa?
Vifuko haviondoki kwa dawa. Tunavithibitisha kwa altrasaundi, tunapima damu kujua figo zimeharibika kiasi gani, kisha tunamsaidia kwa maji ya kuchomwa chini ya ngozi, dawa za kuzuia kutapika na za kushusha shinikizo la damu, na chakula chenye fosforasi kidogo. Panadol ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Diklofenaki nayo humalizia figo zilizosalia.

Naweza kumzalisha?
Aliye na vifuko asipandishwe kabisa. Paka mwingine yeyote wa Kiajemi apimwe kwa altrasaundi akishatimiza miezi 10, kabla hajakutanishwa na dume au jike yeyote.