Pangaboi halipozi chumba

Wengi wetu Dar es Salaam tunaamini kwamba kompyuta inayowaka usiku na mchana haipashi chumba joto maadamu pangaboi linazunguka. Sivyo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, hivyo mashine inayotumia wati 200 ni sawa na balbu mbili za zamani za wati 100 zisizozimwa, na mota ya pangaboi huongeza joto lake. Upepo hukausha jasho, ndiyo maana aliyekaa chini yake huona nafuu, ilhali kipimajoto cha ukutani hakishuki. Afadhali feni ndogo iwekwe dirishani ikitazama nje, na mlango wa upande wa pili uachwe wazi, ili hewa ya moto itoke. Ila mchana wa Februari, nje kukiwa na joto kuliko ndani, hata hilo halisaidii.